Ndege wa Fundi Kinyume

Je, wewe ukipewa bruchi mkononi, lile pambo la kubanwa kifuani kwa pini, unaanza kulitazama upande gani? Sema kweli, hapa hakuna wa kukucheka. Unaanza mbele. Mbele ndiko kwenye vijiwe vya kioo vinavyokukonyeza, ndiko kwenye rangi ya dhahabu, ndiko kwenye ua, kipepeo au kikapu cha matunda. Kila mtu huanza mbele. Bi Bruchi peke yake ndiye aliyekuwa akianza nyuma.

"Mbele pametengenezwa kwa ajili ya mnunuzi," alikuwa akisema. "Nyuma ndiko fundi alikosahau kwamba anatazamwa."

Jina hilo la Bi Bruchi alipewa na watoto wa mtaa, naye akalikubali maana lilikuwa kweli tupu. Alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja, mshonaji mstaafu aliyekaa kwenye cherehani moja miaka thelathini na sita, hata mguu wake wa kulia ulikuwa bado ukipigapiga sakafu kila alipofikiri sana, kana kwamba chini yake kuna kanyagio. Bruchi zilimjia kwa njia ya kazi. Wateja walileta makoti ya mama zao na ya bibi zao yapunguzwe au yafumuliwe, na kwenye ukosi akakuta bruchi imesahauliwa. Alipowakimbilia kuwarudishia, walimwambia, "Baki nayo tu, mama. Si dhahabu hiyo."

Si dhahabu. Neno hilo lilimchoma. Aliliona kama kumfukuza mtu nyumbani kwa sababu hakuzaliwa tajiri. Akazichukua, akazipangusa, akazilaza kwenye mkebe wa biskuti juu ya kitambaa laini cha flana. Mkebe wa kwanza ukajaa, ukaja wa pili, akaanza na kuwazungukia wauza nguo kuukuu, na sasa mikebe ilikuwa kumi na mmoja chini ya kitanda, na madaftari manne kwenye droo ya cherehani.

Hayo madaftari ndiyo yaliyokuwa fahari yake. Shule aliishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulikwenda umenyooka kama mshono wa pindo. Kila bruchi ilikuwa na ukurasa wake: imepatikana wapi, imetengenezwa na nani, na huyo nani alikuwa mtu wa namna gani. Ile yenye muhuri wa mwezi mdogo mgongoni ilitoka kwa ndugu wawili mafundi baiskeli, waliogundua kwamba waya wa spoku unakunjika vizuri kuwa majani na vikonyo. Ile ya zabibu za buluu ni ya mjane aliyeyeyusha chupa za dawa jikoni kwake, mpaka mwenye nyumba akamhamisha kwa sababu ya moshi. Ile yenye herufi mbili zilizokumbatiana ni ya mume na mke walioachana, kisha wakaendelea kupiga muhuri uleule miaka kumi kwa kuwa kila mmoja alimngoja mwenzake ndiye abadilishe. Habari hizo zote Bi Bruchi alizitafuta kwa miguu yake. Aliwauliza masonara wazee, aliwaandikia barua watoto wa mafundi, alikaa barazani kwa watu asiowajua akinywa chai yao taratibu mpaka wakakumbuka.

Na alikuwa na sheria zake. Ya kwanza: maji ni mwiko. Kijiwe cha kioo kina karatasi nyembamba ya fedha mgongoni, ndiyo inayokipa macho. Maji yakipenya, karatasi inaoza na kijiwe kinapofuka. Mkwe wake aliwahi kuziosha bruchi nne kwa maji na sabuni, akitaka kumfurahisha. Bi Bruchi hakumgombeza. Alizipa zote nne ukurasa mmoja, akaandika: *Zimepofushwa kwa upendo.*

Basi, katika bruchi zote hizo, saba zilikuwa za fundi mmoja asiyejulikana. Muhuri hakuwa nao. Bi Bruchi alimtambua kwa mambo mawili. La kwanza ni tone lake la kulehemu: dogo, la mviringo, safi kama punje ya ulezi. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa na tone kama lile. La pili lilikuwa kituko. Bruchi ya kawaida ukiigeuza, utaona bawaba ya pini iko kulia, na kishikizo kinachoikamata ncha kiko kushoto. Za fundi huyu zilikuwa kinyume: bawaba kushoto, kishikizo kulia. Kuzifunga ilikuwa vita. Vidole vinagongana, pini inakuchoma. Bi Bruchi akampa jina la Fundi Kinyume.

"Mtu hodari hivi," alikuwa akisema mezani, bruchi mkononi na lenzi jichoni, "halafu kichwa kimegeuka! Au alikuwa mlevi? Lakini tone lake, jamani, tone lake! Tazama, wifi, tazama huyu mjinga alivyoweka pini."

Wifi hakutazama. Wifi hakuwahi kutazama bruchi hata moja.

Huyu wifi alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wa Bi Bruchi. Alikuwa na miaka sabini na sita, mrefu, mkavu, ulimi wembe. Hakuolewa. Ujanani alifanya kazi kiwanda cha vifungo, kisha akawa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali mpaka alipostaafu, na kila Jumapili, mvua au jua, alikuja kula kwa kaka yake. Hata kaka alipofariki, miaka tisa iliyopita, Jumapili hazikukatika. Na miaka arobaini na minane baada ya harusi, bado alimwita mke wa kaka yake "Bi Harusi," kama vile keki haijakatwa.

Miezi minne iliyopita kiharusi kilimpitia wifi upande wa kulia. Bi Bruchi hakumuuliza kitu. Alikodi gari, akaenda chumbani kwake, akafunga virago, akamleta.

"Umeniteka nyara," wifi alisema.

"Nimekuteka. Piga kelele."

Tangu siku ile waliishi pamoja katika vyumba viwili na jiko, wakichokozana kutoka asubuhi. "Bi Harusi, hivyo vyuma chakavu vyako vimeshakunywa chai?" "Vimekunywa, vinakungoja wewe, kwa kuwa na wewe sasa ni chuma chakavu." Mkono wa kulia wa wifi ulilala mapajani kama paka mgonjwa. Wa kushoto ndio uliofanya kila kitu, na uliyafanya mambo vizuri mno. Ulifunga vifungo vya sweta bila kubahatisha. Ulimenya chungwa, ganda likatoka mkanda mmoja mrefu. Bi Bruchi, aliyekuwa mtu wa kuona vitu vidogo, aliona, akajisemea moyoni kwamba wifi yake amezoea haraka. Akaishia hapo.

Sasa turudi kwenye zile bruchi saba. Sita alizipata sokoni, moja moja, katika miaka ishirini. Kila alipopata moja, aliipeleka kwa fundi saa wa mtaa wa tatu, naye fundi akaifumua pini na kuilehemu upya upande wa kawaida. "Nimeinyoosha," alirudi akisema, amefurahi kama aliyemtibu mgonjwa. Nyuma ya bruchi yalibaki makovu mawili madogo, pale punje za ulezi zilipokuwa.

Ya saba hakuigusa. Ya saba ilikuwa ndege mdogo aliyefungua bawa moja, vijiwe kumi na kimoja vya kijani mgongoni na jicho jekundu la ukubwa wa kichwa cha pini. Huyo alipewa na mume wake usiku wa kuamkia harusi. Alipomuuliza amemtoa wapi, mume alicheka. "Ndege hutoka mtini," alisema. Miaka thelathini na tisa ya ndoa aliuliza, na miaka thelathini na tisa alijibiwa mti. Kisha mume akafa, na mti wake. Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza ulikuwa wa ndege huyo, na pale palipoandikwa *Fundi* palikuwa peupe. Bi Bruchi hakuwa na swali jingine lolote lililobaki kwa marehemu. Mengine yote walishamalizana.

Ndipo ikaja habari ya maktaba. Mkutubi, msichana mpole mwenye miwani mikubwa, alisikia habari za mikebe, akaja kuomba bruchi sitini zikae mwezi mzima kwenye kabati la kioo katika chumba cha kusomea. Kila bruchi ingekuwa na kadi yake, na chini yake kioo kidogo cha kujitazamia ili watu waone mgongo. Hilo la kioo lilikuwa sharti la Bi Bruchi mwenyewe.

Jumatano mkutubi alikuja kuzisoma kadi. Alizisoma zote, nyingine akicheka peke yake. Mwishoni akainua moja.

"Mama, huyu ndege kadi yake haina fundi."

"Najua, mwanangu."

"Tuandike 'hajulikani'?"

"Usiandike! Wewe mwekee nafasi ya katikati. Mpaka Jumamosi asubuhi nitakuwa nimeijaza."

Alisema kwa kujiamini, lakini mguu wake ulikuwa ukipiga sakafu mbio. Alishawamaliza masonara wote. Wengine walikuwa wamekufa, na waliobaki walimwambia hawajaona tone kama lile.

Alhamisi mchana aliketi na yule ndege muda mrefu, akaona hana la zaidi. Akamkunja kwenye leso, akavaa viatu vya kutokea.

Wifi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Na viatu hivyo unamwendea nani?"

"Fundi saa. Nakwenda amgeuzie ndege pini. Jina la fundi limenishinda, basi angalau mgongo wake uwe na adabu. Watu watamwona kwenye kioo, wifi. Sitaki wamcheke."

Wifi aligeuka kumtazama. "Miaka arobaini na minane hukumgeuza."

"Nilikuwa namheshimu aliyenipa. Lakini huyo mjinga aliyemtengeneza, mimi na yeye hatujuani."

"Vua viatu."

"Unasemaje?"

"Nimesema vua viatu, Bi Harusi. Hamgeuzi mtu huyo ndege."

Bi Bruchi alisimama mlangoni, kiatu kimoja hakijafungwa. Wifi yake alikuwa amemdhihaki kwa maneno ya kila namna, lakini sauti ile alikuwa hajaisikia. Akarudi, akafungua leso, akataka kumwonyesha kwamba anayo haki. "Hebu tazama mwenyewe basi, tazama inavyosumbua. Unashika hapa, unaleta hapa, halafu… ai!" Pini ilikuwa imeshamchoma. Akakitia kidole mdomoni.

"Miaka yote hii hujajifunza," wifi alisema, akanyoosha mkono wa kushoto. "Lete."

Alimpokea ndege bila kumtazama. Macho yake yalikuwa dirishani, kwenye nguo za jirani zilizoanikwa. Kidole gumba kikaingia chini ya bawa, cha shahada kikaisukuma pini, ikafunguka. Kikairudisha. Tik. Ikafunguka. Tik. Mkono mmoja, bila kuhangaika, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chake gizani.

Mguu wa Bi Bruchi ulikuwa umeacha kupiga sakafu. Aliutazama ule mkono kama alivyozoea kutazama migongo ya bruchi, kwa utulivu, kidogo kidogo. Mkono ule haukujifunza kwa miezi minne. Mkono ule ulikuwa unajua kabla yeye hajaolewa.

Kisha maneno yake mwenyewe yakaanza kumrudia. Mjinga. Mlevi. Kichwa kimegeuka. Jumapili hii na Jumapili ile, kwenye meza hii hii, na wifi ameinamia sahani yake anakula.

Akavuta stuli, akakaa. "Wifi. Kile kiwanda cha vifungo."

"Vifungo vilikuwa chumba cha mbele." Tik. "Nyuma palikuwa na meza ya bruchi. Wanawake sita. Mimi nilikaa mwisho, ukutani, kwa sababu pale msimamizi haoni umeshika chuma cha kulehemea kwa mkono gani."

"Kwani wewe ni wa kushoto?"

"Mama alikuwa akinifunga huu mkono kwa kitambaa nisile nao, nisiandike nao. Ukakoma. Mbele za watu nilikuwa wa kulia kama nyie. Pale ukutani nilikuwa mimi." Akamgeuza ndege, akampapasa mgongo kwa kidole gumba. "Kila moja niliifunga kuijaribu kabla sijaipeleka. Kwa mkono wangu ilifunga sawasawa. Nitajuaje kama iko kinyume? Mkaguzi naye alitazama mbele tu."

"Wote hutazama mbele," Bi Bruchi alinong'ona.

"Mwaka na nusu. Halafu duka moja likarudisha katoni nzima, wateja wanachomwa. Msimamizi akatupanga mstari, kila mmoja alehemu moja mbele yake. Nikajaribu kwa mkono wa kulia, tone likamwagika kama uji. Wakajua. Nilifukuzwa mchana uleule, na wenzangu wakanisindikiza kwa vicheko hadi getini. Unajua msimamizi alisema nini? 'Huyu kichwa kimegeuka.'" Wifi akatabasamu upande mmoja, ule uliobaki na nguvu. "Kwa hiyo wewe hukuniletea jipya, Bi Harusi."

Bi Bruchi alijifunika uso kwa mikono miwili. "Kwa nini hukunipiga na sahani?"

"Ningekupigaje? Ulikuwa ukiitukana pini, halafu unalisifu tone."

"Tone?"

"'Tone lake, jamani, tone lake.' Hakuna mtu aliyewahi kulisema hilo. Si msimamizi, si mkaguzi. Unafikiri kila Jumapili nilikuwa nafuata chakula? Chakula chako chumvi tupu. Nilikuwa nafuata tone."

Wakacheka wote wawili, na Bi Bruchi alikuwa akilia pia, akipangusa kwa ile leso ya ndege. Alipotulia ndipo alipouliza lile swali lake la miaka yote, kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kulivunja. Ndege alitoka wapi?

"Ile katoni iliyorudi niliambiwa nikaitupe jalalani kabla sijaondoka," wifi alisema. "Nikaitupa. Huyu mmoja nilimkuta mfuko wa aproni nilipofika nyumbani. Sikumwiba, nilimsahau. Au nilijifanya nimesahau, sijui. Alikuwa amekaa kwangu wiki tatu, chini ya mto. Kisha kaka yangu, yaani mumeo, akaja usiku wa kuamkia harusi, mikono mitupu, machozi yanamtoka. Eti amekuahidi kitu kinachong'aa. Kakimbia mji mzima kitu hakuna. Angalia mtu mzima analia, na kesho ni bwana harusi! Nikampa. Akaniapisha nisiseme, nami nikamwapisha asiseme. Tukakuta hakuna wa kusema."

"Aliniambia ametoka mtini."

"Basi mti wenyewe ndio huu," wifi akasema, "umekauka upande mmoja."

Bi Bruchi akainuka, akaingia chumbani, akapiga magoti kuvuta mkebe wa nne. Alirudi na zile bruchi sita, akazipanga juu ya mapaja ya wifi yake: waridi, samaki, mwavuli, shada la ngano, jani, na kinanda kidogo. Akazigeuza zote. Hakuficha kitu.

"Nilizinyoosha," alisema. "Nilidhani zimeharibiwa na mtu. Punje zako nimezifuta, wifi. Nimekuwa nikitafuta saini yako mji mzima, na kila nilipoipata nilikwenda kuifuta. Nisamehe."

Wifi alipapasa makovu, moja baada ya jingine. Alichukua muda kwenye mwavuli.

"Huu ulikuwa na mpini mgumu," alisema. "Ulinichoma vidole siku nzima."

"Nitamwambia fundi saa azirudishe kama zilivyokuwa."

"Aa, mwache. Atatumwagia uji."

"Basi niambie unataka nini. Chochote, wifi. Nitafanya."

Wifi alifungua mdomo. Akatazama dirishani, akaufunga, akaufungua tena. "Nataka chai," alisema.

Chai ikaletwa. Lakini mwenye mkono mmoja hawezi kushika kikombe na ndege kwa pamoja, na Bi Bruchi, mtu wa kuona vitu vidogo, aliona kwamba chai ilipoa hadi ikafanya utando, na ndege hakuwekwa chini.

Ijumaa yote alikuwa akiandika kadi. Za zile bruchi sita alizichana, akaziandika upya kwa wino wa buluu: *Pini hii niliigeuza mimi kwa kutojua. Makovu unayoyaona ni ya kosa langu, si la fundi.* Ya saba aliiandika mwisho, akaipuliza ikauke, akamsomea wifi: *Ametengenezwa na wifi yangu, kwa mkono wa kushoto. Hakukosea.*

"Maneno mengi," wifi alisema. Lakini aliomba asomewe tena.

Jumamosi asubuhi walikwenda maktaba kwa teksi, wifi na fimbo yake na sweta la kijivu lililofungwa vifungo vyote, ndege akiwa kwenye leso mkononi mwa Bi Bruchi. Chumba cha kusomea kilinukia karatasi na nta ya sakafu. Mkutubi alikuwa amevaa glavu nyeupe za pamba, na kabati limeshajaa: ndugu wa baiskeli na spoku zao, mjane wa chupa na zabibu zake, wale walioachana. Hata zile nne zilizopofushwa kwa upendo zilikuwa na pembe yao, na zile sita zenye makovu, zilizoletwa jana yake jioni, yao. Katikati, juu ya kitambaa cha samawati, palikuwa na nafasi moja tupu, na kioo kidogo chini yake kilikuwa kinatazama dari.

Mkutubi alisoma kadi ya saba, akavua miwani, akaivaa tena. "Ndiye huyu mama?" Akavua glavu, akanyoosha mkono wa kulia kumsalimia. Wifi akatoa wa kushoto. Msichana akaona haraka, akabadilisha, wakasalimiana kushoto kwa kushoto. Bi Bruchi alimpenda zaidi tangu dakika ile.

"Shikamoo, bibi. Mimi sijawahi kumpata fundi mwenyewe akiwa hai. Wote huwa tunawaandika tu." Akavaa glavu, akakinga kiganja. "Haya, mama, naomba ndege. Ndiye aliyebaki."

Bi Bruchi akafungua leso. Jua la dirishani lilimpiga ndege, vijiwe vya kijani vikatawanya madoa madogo ukutani, na moja likatua kwenye sweta la kijivu, kifuani upande wa kushoto, likatulia pale. Wifi aliinamisha kichwa kulitazama. Alilitazama kama mtu anavyotazama mtoto aliyelala, akiogopa kupumua asije akamwamsha.

Mkono wa Bi Bruchi ulisimama hewani. Nafasi ya katikati ilikuwa ikimngoja, nafasi aliyoiomba mwenyewe, na pale palipokuwa peupe miaka yote sasa palikuwa na maneno. Alikuwa amepata alichokitafuta. Akakirudisha kiganja cha mkutubi kwa upole, akamgeukia wifi yake.

"Juzi nilikuuliza unataka nini," alisema, "ukanijibu chai. Chai yenyewe hukuinywa. Nakuuliza tena, na leo hapa hakuna jiko."

Wifi alishika fimbo, akaiachia, ikaegemea kabati. Midomo yake ilihangaika, na si kwa sababu ya kiharusi.

"Nilitengeneza za watu mwaka na nusu," alisema. "Huyu nilimweka mfukoni kwa sababu nilitaka kumvaa mimi. Wiki tatu nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumvaa, na siku nzuri ilipokuja ikawa harusi yako." Akanyoosha mkono wa kushoto. "Nilitaka kumvaa, wifi. Bado nataka. Lete hapa, na usinifungie, utajichoma."